Yule Unayemcheka, Utakaa ku Kilio Yake?

Pengine nawe ulikuwako jioni ile, ao uliona jambo la namna hii ku kwenu.

Ilikuwa sikukuu ya vijana hapa Kambove. Sala ilijaa: watoto chini mbele kabisa, wamama na wazee ku viti, vijana wamesimama ku madirisha. Kijana mmoja akapanda jukwaani peke yake. Akavaa kofia ya kazi, akakunja mugongo kidogo, na watu wakajua palepale anaiga nani: mzee wa ODV.

Ninyi watoto wa juzi, hamkuona mambo yale. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines ilikuwa imelemewa, mishahara ya miezi mingi haikulipwa. Kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakapewa kitu mara moja, wakatoka ku kazi. Mpango ule uliitwa Opération Départs Volontaires, na watu wote wakakata jina: ODV. Hapa Kambove, Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, ni lupango gani haikuguswa?

Basi kijana akaonyesha mzee anahesabu dola chini ya blanketi. Anapotea hesabu, anaanza tena. Kesho yake ananunua televizioni, viti vipya, na kinga. Anapita mu njia, hasalimii mtu. «Sasa miye njo patron!» Kisha mwezi wa tatu: televizioni imeuzwa, viti vimeuzwa, na ile kinga mzee anaisukuma na mifuko ya makala, jasho mu macho.

Sala ikapasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, sitaficha.

Lakini ku mstari wa tatu alikaa baba mmoja ambaye kweli alisukuma makala kwa kinga, miaka si miezi, juu ya watoto wake wasome. Alicheka kidogo mwanzoni. Halafu akanyamaza. Akatwaa kofia yake, akatoka pole pole, pashipo kumwambia mtu neno.

Kurudi nyumbani njiani tulibishana. Mama mmoja akasema: «Ile haiko kuchekesha, ile ni matusi.» Kijana akajibu: «Mama, ni muchezo tu. Yeye hachekake bengine?» Mwingine akaongeza: «Tukianza kuogopa kila mutu, tutacheka nini? Mawe?»

Wote watatu walikuwa na haki kidogo. Ndiyo maana nimetaka tuzungumze mwezi huu, wewe na miye.

MUFWANKOLO, MWALIMU WETU

Siku hizi vijana wanaona wachekeshaji ku simu na wanazani kazi hii ilizaliwa Paris ao Marekani. Ulizeni wazazi. Watawatajia jina moja: Mufwankolo.

Miaka ya 70 na ya 80, Mufwankolo wa Lubumbashi na kikundi chake walisikilika ku radio na kuonekana ku televizioni mu Shaba nzima. Pamoja naye walikuwa watu kama Kachelewa na Bwana Cheko. Hawakusema Kiswahili cha vitabu. Walisema kile chetu, cha sokoni na cha lupango, na kile cha mzee anayerudi ku kazi na njaa.

Hawakuwa na maandishi. Walikaa pamoja, wakapatana juu ya kisa, nani atakuwa bwana, nani bibi, nani mulevi. Kisha wakajaribu, na kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Kama neno moja linaumiza bure, mwenzake alikuwa hapo kulisikia mbele ya watu wengine.

Mwaka 1986 kulitokea jambo moja ambalo linatufundisha. Johannes Fabian, mwalimu aliyezaliwa Ujerumani na aliyepata kufundisha ku chuo kikuu cha Lubumbashi, alirudi kutembelea rafiki zake. Mezani wakampa firigisi ya kuku, na mtu akasema mezali: ukubwa unakuliwa muzima, haukatwi. Fabian akauliza wachezaji wa Mufwankolo: maana yake nini? Jibu halikuwa moja. Huyu akasema hivi, yule akakataa. Basi wakaamua: tutafanya mchezo juu ya neno hili. Wakautengeneza siku kwa siku, wakauonyesha mu kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, na televizioni ikautwaa. Fabian aliandika kitabu kizima juu yake, kikatoka mwaka 1990.

Kumbuka wakati ule. Mobutu alikuwa mu kiti, chama kilikuwa kimoja. Kusema juu ya ukubwa ilikuwa kama kutembea chini mu shimo pashipo taa. Wao hawakutaja rais. Walionyesha chifu, kijiji, na raia wasiosikia. Mtazamaji mmoja aliweza kurudi nyumbani akisema: «Wametufundisha kuheshimu mkubwa.» Jirani yake aliweza kusema, kwa sauti ya chini: «Wameuliza mkubwa anakula na nani.» Mchezo ni ule ule.

Unaona, mchekeshaji wa kweli hana mdomo tu. Ana masikio. Anajua nani anakaa mbele yake, na anajua neno lake litaenda wapi akisha kushuka jukwaani.

KUCHEKANA KUNA SHERIA

Sasa wengine watasema: basi tusiguse kabila, tusiguse uzee, tusiguse umaskini, tunyamaze. Hapana. Watu wa migodi walijua kuchekana tangu zamani, na ilisaidia wakae pamoja.

Vuka mpaka kidogo tu, ku Luanshya, mu Zambia ya leo. Mwaka 1951, wakati inchi ile iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, vijana wa kabila la Wabisa walicheza ngoma ya kalela kule ku migodi ya shaba. Walivaa vizuri, shati safi, suruali imepigwa pasi. Mu nyimbo zao walijisifu na kuchokoza makabila mengine yaliyosimama pale kuwatazama. Na wale waliochokozwa walicheka pia. Mwalimu mmoja, Clyde Mitchell, aliona jambo hili na kuliandikia kitabu mwaka 1956. Watu walitoka vijiji vya mbali, wasiojuana, wakatupwa mu kamp moja. Kuchekana kuliwasaidia kusema: najua wewe ni wa kule, miye ni wa huku, na bado tuko pamoja.

Mu Tanzania wanaita jambo hili utani. Wabemba, ambao wengi ni majirani na mashemeji wetu, wana banungwe: ukoo huu na ukoo ule wanaruhusiwa kutaniana bila mtu kukasirika. Lakini sikiliza vizuri sheria yake. Kwanza, ukinicheka leo, miye nakucheka kesho; njia ni ya kwenda na kurudi. Pili, siku ya kufiwa, ni yule mtani wako anayekuja kufanya kazi ya maziko. Mdomo uliokutania na mikono inayokuzika ni ya mtu mmoja.

Hapo ndipo uzito wa neno lote. Utani si ruhusa ya bure. Mtu anaulipa, na anaulipa ku kilio.

Kenya walikuwa na mzee mmoja mpendwa sana ku televizioni ya serikali, mu mchezo unaoitwa Vitimbi: Mzee Ojwang. Alisema Kiswahili kwa sauti ya Waluo, na inchi nzima ilicheka. Kumbe jina lake la nyumbani lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu! Makabila yale mawili yamegombana sana mu siasa. Lakini Waluo hawakumtupia mawe, walimpenda kama mtu wao, kwa sababu hakuwatoa mu nyumba. Aliingia akakaa nao: baba mwenye bibi, mwenye kelele, mwenye moyo. Alipokufa Julai 2015, Wakenya wa kila kabila walimlilia.

WAKATI KICHEKO KILIOZA

Lakini sisi wa Likasi na Kambove tunajua pia upande mwingine. Wengi hatupendi kuutaja.

Agosti 1992, mkutano mkubwa wa taifa mu Kinshasa ulichagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Siasa ikashuka mpaka ku lupango. Watu wenye asili ya Kasai wakaitwa «bilulu», ni kusema wadudu. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Baba ao babu zao waliletwa na Union Minière juu ya kazi, kama vile wengine wetu. Neno lile lilipita mu mikutano, likapita sokoni, likafika mpaka mu midomo ya watoto. Wengine waliliitika kwa kucheka. «Ni maneno tu.»

Halafu nyumba zikavunjwa na kuchomwa. Maelfu na maelfu wakakimbilia ku gare ya Likasi, wakalala inje majuma na miezi wakingoja treni ya kwenda Kasai, inchi ambayo wengi wao hawakuiona hata siku moja. Njaa na magonjwa yakaua watu pale, watoto na wazee mbele. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Sisemi kicheko ndicho kilichoma nyumba. Siasa ilifanya kazi yake, na watu wenye silaha wakafanya yao. Lakini kabla ya kumfukuza jirani shariti kwanza umuondolee umtu wake, na hakuna kitu kinachofanya hivyo upesi kama kicheko kisicho na jibu. Mtu wa Kasai wa mwaka 1992 hakuweza kukurudishia utani. Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Na hakuna aliyefikiri kwenda ku kilio yake.

Inchi yetu ilikuwa na sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi na wa kabila tangu tarehe 7 Juni 1966. Haikuzuia mambo ya 1992. Sheria ni nzuri, lakini haikai ku meza wakati mtoto wako anarudia neno alilosikia mu njia. Ni wewe unakaa pale.

MKUBWA AKIKASIRIKA

Hapa kijana mmoja ataniuliza: «Basi, kila mutu akikasirika, mchekeshaji ana kosa?» Hapana, mtoto wangu. Angalia vizuri nani anakasirika.

Mei 2020, mu Dar es Salaam, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kutoa video ambamo anacheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Alicheka tu, karibu bila neno. Akapelekwa mbele ya sheria, na mashtaka yakawa juu ya kadi ya simu iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, mu Uganda, wachezaji wa kikundi cha Bizonto walikamatwa juu ya video ambamo walitaja wakubwa wa serikali, jina kwa jina, waonyeshe ginsi wanatoka upande mmoja wa inchi.

Je, rais ni mnyonge? Mkuu wa polisi hana mdomo wa kujibu? Wana radio, wana askari, wana pa kusemea. Kicheko juu ya mkubwa kinamkumbusha kwamba naye ni mtu. Kicheko juu ya mnyonge kinataka yeye asahau kwamba ni mtu. Ndiyo maana hasira ya mkubwa na machozi ya mnyonge hayapimwi ku mzani mmoja.

Lakini hata mtu tajiri ana kidonda chake. Machi 2022, mu sikukuu ya Oscars kule Marekani, mchekeshaji Chris Rock alifanya mzaha juu ya kichwa kisicho na nywele cha bibi ya Will Smith. Mama yule alikuwa na ugonjwa wa kuangusha nywele. Will Smith akapanda jukwaani akampiga kofi mbele ya dunia nzima. Kofi lilikuwa kosa, na yeye mwenyewe aliomba radhi. Akakatazwa miaka 10 kuingia mu sikukuu zile. Lakini jiulize: ugonjwa wa mtu ni chakula cha kuchekesha? Mgonjwa hakuchagua. Mkubwa alichagua kiti chake.

SIMU HAINA MLANGO

Mufwankolo alikuwa na Kawama mbele yake. Aliona nyuso. Wewe kijana wa leo unachekesha mu chumba, peke yako na simu, na neno lako linatoka bila kukuaga. Mzaha uliofanya juu ya rafiki yako, ambaye kesho atakurudishia wake, unafika Lubumbashi ku mtu asiyewajua ninyi wawili. Yeye haoni urafiki. Anaona kabila moja linacheka lingine. Anaupeleka mbele, mwingine anaongeza maneno yake mabaya, na wakati wa uchaguzi mtu wa siasa anaokota kile ulichotupa.

Inchi yetu ilitoa mu Machi 2023 sheria juu ya mambo ya simu na intaneti, na wanaoeneza chuki kwa njia ile wanaweza kushtakiwa. Ni vizuri uijue. Lakini miye sitaki uogope gereza. Nataka uone uso wa mtu.

Kwa hiyo, mbele ya kubonyeza kidole, jiulize neno hili moja: kama mtu huyu angekufa usiku huu, ningeweza kesho kwenda kukaa ku kilio yake, watoto wake wakiniangalia? Kama ndiyo, chekesha, hata kwa nguvu! Kama unajisikia kuinamisha kichwa, futa.

NUSU INGINE YA HADISI

Nirudi sasa ku kijana wetu wa kofia ya kazi.

Alisikia mzee alitoka, na hakulala vizuri. Siku ya tatu akaenda ku lupango yake, na rafiki mmoja wa kumsindikiza. Mzee alikuwa chini ya mwembe anatengeneza kiti. Kijana akaanza: «Baba, nakuya kuomba musamaha. Ilikuwa kamuchezo...»

Mzee hakumaliza kumsikiliza. Akampa kiti. Akamwambia: «Weye mutoto, kuchekesha unajua. Lakini ile hadisi yako ulikata nusu.»

Akamwambia nusu ingine. Ginsi alihesabu feza kweli chini ya blanketi, na bibi yake alihesabu vilevile upande wake, na hesabu zao mbili hazikupatana usiku mzima. Ginsi jamaa waliotoka mbali walijaa mu nyumba, hata wengine ambao hakujua wanazaliwa na nani. Ginsi siku ya kwanza ya makala alivaa suti yake ya harusi, juu majirani wazani anaenda ku safari. Na mvua ikanyesha, na suti yote ikageuka nyeusi. Kijana alicheka mpaka machozi. Mzee pia. Halafu mzee akasema: «Na ile makala njo ilisomesha mama ya mwenzako huyu.» Akaonyesha kidole yule rafiki wa kumsindikiza, ambaye alikuwa mjukuu wake.

Mzee hakurudi ku teatre ya vijana. Alisema viti vile vinamuumiza mugongo. Pengine ni kweli, pengine hapana. Lakini kijana sasa anatoa hadisi nzima, na suti, na mvua, na makala, na mtoto anayeenda ku masomo. Watu wanacheka kuliko zamani. Na mwishoni kunakuwa kimya kidogo, mbele ya kupiga mikono.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mu nyumba yenu mnacheka nani mara nyingi? Mtu yule anaweza kuwarudishia?

2. Ninyi wazazi, muliwaambia watoto wenu mambo ya gare ya Likasi ya mwaka 1992? Kama hapana, mnangoja nani awaambie?

3. Wewe kijana, fungua simu yako sasa. Video ya mwisho uliyopeleka kwa wenzako, ungeweza kuiangalia pamoja na yule anayechekwa, ku kiti kimoja?